Sauti ya Onyesho la Wanawake

Baba yangu alikuwa mwendesha mashine ya sinema Unguja, na tangu nina akili nilisikia kwamba alivumbua kitu. Mama yangu alikuwa mke wa mwendesha mashine, na tangu nina akili nilimsikia akisema kwamba aliyevumbua ni yeye. Tulipohama tuliacha nyumba, vitanda, hata cherehani ya bibi, lakini ugomvi huo tulikuja nao Landani mwanzoni mwa miaka ya sabini, nao ukapata mahali pake katika vyumba viwili tulivyopanga Wembley.

Waligombana kwa Kiswahili. Sisi ni Wahindi, na Kikachi, lugha yetu ya asili, kilikuwa cha kuzungumzia na wageni, ya kupangia harusi na ya kuniuliza kama nimekula. Wakitaka kuchokozana walihamia Kiswahili, maana walikua wote vichochoroni Mji Mkongwe na huko ndiko walikojifunza kutupiana maneno. Mwenye nyumba wetu, Mpunjabi aliyekaa chini, alidhani wanaimba.

Hebu nikieleze kitu chenyewe, kwa sababu wengi wakiisikia habari hii hucheka kabla hawajaielewa, na mimi kicheko cha namna hiyo huniudhi.

Filamu za zamani zilikuwa bubu. Baba aliianza kazi wakati huo, kijana bado, akizungusha rili huku mtu akipiga kinanda chini ya skrini. Kisha, kabla ya vita, zikaja filamu zenye sauti. Spika kubwa ikawekwa nyuma ya skrini, na fundi aliyetumwa kutoka Bombay akaipima sauti asubuhi, ukumbi ukiwa mtupu, akaridhika, akapanda meli akaenda zake. Jioni watu walipojaa, sauti ikazama. Miili ya watu hula sauti, na nguo hula zaidi. Nadhani kila mwendesha mashine duniani aliligundua hilo mapema, akaongeza sauti, yakaisha.

Kwetu hayakuisha, na sababu ni onyesho la wanawake. Mara moja kwa wiki, alasiri, ukumbi mzima ulikuwa wa wanawake watupu. Walikuja Waarabu, Wahindi, Waswahili na Wangazija, wengi na mabuibui yao na watoto wao mapajani, na nguo zikajaa ukumbini kuanzia safu ya mbele hadi ukuta wa nyuma. Hakuna mwanamume aliyeruhusiwa kuingia, hata wa kumpepea mtoto. Hata kidirisha cha chumba cha mashine kilifunikwa kitambaa, ikabaki tundu la kupitishia mwanga tu. Kwa hiyo baba alikuwa akionyesha filamu asiyoiona, kwa watu asiowaona, na mashine ikimnguruma sikioni.

Mama alikuwa bibi harusi wakati huo. Alikwenda onyesho la kwanza, akakaa safu ya nyuma, akarudi nyumbani amenuna.

"Maneno hayasikiki," akamwambia.

"Nimeongeza sauti."

"Umeongeza ngoma. Maneno yamebaki pale pale."

Sentensi hiyo, kwa mujibu wa mama, ndiyo uvumbuzi. Nguo hula sauti nyembamba, ile ya herufi na ya pumzi, na kuiacha sauti nene ipite. Ukiongeza yote kwa pamoja unapata radi, na maneno hupati. Kinachotakiwa ni kuyainua maneno peke yake na kuishusha ngoma. Siku hizi kila redio ina kidude cha kazi hiyo. Kwenye mashine ya Unguja hakikuwapo, na mama hakujua kama kinaweza kuwapo. Alijua tu kwamba hivyo viwili ni vitu viwili, na wanaume wanavifanya kimoja.

Baba akachukua redio mbovu, akaikata tumbo, akatengeneza sanduku lenye swichi mbili. Moja ilipandisha maneno na nyingine ilishusha ngoma. Likabaki tatizo la kujua lini azizungushe, maana hakuweza kusikia. Mama akaleta kamba ya kuanikia nguo. Wakaipitisha kwenye tundu ukutani, ncha moja kwenye kifundo cha mkono wa baba, ncha nyingine kwenye kiti cha mama. Akivuta mara moja, pandisha maneno. Akivuta mara mbili, shusha ngoma. Wiki hadi wiki, mwaka hadi mwaka, mpaka watu wakawa wanasema hakuna sinema pwani nzima inayosikika kama ile. Waliosema hivyo walimsifia baba, na baba alizipokea sifa hizo zote. Mama alikuwa akisema, "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji," lakini kusema kweli tembo halikutiwa maji hata siku moja, kwa kuwa mwonjaji alikuwa yeye.

Baadaye kampuni za filamu zikaleta mashine zenye swichi kama zile. Baba aliamini mpaka uzeeni kwamba aliibiwa. "Yule mtu wa Bombay alirudi, akaliangalia sanduku langu weee, asiseme neno. Wameniibia."

"Wewe wamekuibia waya na misumari," mama alikuwa akimjibu. "Aliyeibiwa ni mimi."

Mimi mwenyewe naona hawakuibiwa. Nadhani watu wengi walikaa gizani pande nyingi za dunia wakakerwa na jambo lile lile. Lakini hilo sikulisema nyumbani, ningefukuzwa na wote wawili.

Landani baba alipata kazi kwenye kiwanda cha biskuti. Mama alishona kola za mashati nyumbani, na mimi nilipiga taipu ofisi za council, yaani serikali ya mtaa. Jumapili asubuhi jumuiya yetu ya watu wa pwani ilikodi ukumbi wa sinema, ule mkubwa wa zamani karibu na stesheni, kuonyesha filamu za Kihindi. Waingereza walikuwa wamekwisha kuuhama. Walikaa nyumbani na televisheni zao. Sisi tuliujaza. Watu walikuja kwa treni za chini ya ardhi na kwa mabasi, mpaka kutoka Tottenham, na sambusa kwenye makopo na chai kwenye chupa. Wanaume na wanawake walikaa pamoja, na hakuna aliyeona ajabu. Baba hakuwa akija, kwa sababu Jumapili kiwandani walilipa vizuri.

Msimu wa joto mambo yalikuwa mazuri. Baridi ilipoingia, watu wakaanza kulalamika kwamba hawasikii. Mwendesha mashine wa Kiingereza, mtu mpole mwenye masharubu meupe, akaambiwa aongeze, akaongeza, ikawa kelele. Wakasema filamu ni mbovu. Wakaleta nyingine, nayo ikawa vile vile. Hapo ndipo mwenyekiti wa jumuiya alipokumbuka kwamba mzee wa sinema ya Unguja anakaa Wembley.

Alikuja kwetu jioni moja na boksi la halua. Akakaa, akakohoa, akasema jumuiya imeamua kumheshimu baba. Jumapili ijayo, kabla ya filamu, atavishwa shada la maua mbele ya watu wote kama mvumbuzi wetu, mtu aliyetengeneza sauti kabla ya wakubwa wa Bombay na Amerika. Na kama Mzee hatajali, aitazame na ile sauti kidogo.

Baba alinyoosha mgongo. Sikumwona amekaa vile tangu tushuke uwanja wa ndege. Kiwandani alikuwa akiitwa kwa jina ambalo si lake, kwa sababu lake liliwashinda kulitamka, na mimi nilifurahi kumwona amerudi kuwa mtu.

"Na mimi?" mama aliuliza.

Mwenyekiti akacheka kwa adabu. "Na wewe njoo, shangazi. Utakaa mbele."

"Sikuuliza kiti."

Mwenyekiti akamtazama baba. Baba akaitazama halua. "Bisibisi aliishika nani?" akasema, kwa sauti ya mzaha, kama alivyosema miaka yote. Mwenyekiti akacheka tena, mara hii kwa raha, akaaga.

Mama alivikusanya vikombe bila kugonganisha hata kimoja, nami nikajua mambo yameharibika. Mama akigombana hupiga vyombo.

"Kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikikudai mezani kwangu," akamwambia baba. "Hapa ndani ulikuwa ukicheka, na mimi nikicheka. Lakini sasa wanakwenda kulisema mbele ya watu, na likishasemwa mbele ya watu, ndiyo limekwisha. Wajukuu watasimuliwa hivyo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni."

"Nani mnyonge hapa? Wewe?"

"Najua kwa nini hawasikii kule sinema," mama akasema.

Baba akamkazia macho. "Kwa nini?"

"Mvumbuzi si wewe? Vumbua."

Wiki ile nyumba ilikuwa kimya, na kimya cha mama kilinitia hofu kuliko kelele zake. Nilimwomba baba aseme maneno mawili tu ya kumtaja mama siku ya shada, yaishe. Akaniambia mambo ya mafundi siyaelewi. Nikamwomba mama aniambie mimi hiyo sababu. Akaniambia nikashone vifungo. Niliwakasirikia wote wawili, na kwa kweli nilimkasirikia baba zaidi, kwa sababu nilimwona anajua kwamba haki ni ya mama.

Jumapili ikafika. Baba alichukua ruhusa kazini, akavaa suti yake ya Unguja, ambayo ilikuwa nyepesi mno kwa baridi ile, na juu yake koti zito la mtumba. Ukumbini kulikuwa kunaganda. Mwenye ukumbi hakuwasha mitambo ya joto kwa ajili ya wakodishaji wa asubuhi, kwa hiyo hakuna aliyevua koti. Watu walikaa na makoti, shali, kofia za sufu, wengine na mablanketi, na watoto waliofungwa kama mizigo ya kwenda Pemba. Baba akavishwa shada. Watu wakapiga makofi, mwenyekiti akahutubia, neno mvumbuzi likatajwa mara kadhaa, na mama akatazama mbele kama mtu anayesubiri basi.

Kisha baba akaja kukaa. Nilipomwona anakishusha kiti karibu na mama ndipo nilipotambua kwamba hawajapata kukaa pamoja sinema hata siku moja tangu waoane. Kila siku yeye alikuwa chumbani na mama alikuwa ukumbini.

Filamu ikaanza. Wimbo wa kwanza ukatoka mzito, wa ngoma tupu. Mwigizaji akafungua mdomo, ikawa kama anazungumza ndani ya gunia. Nyuma yetu wakaanza, kama kwetu, "Sauti! Sauti!" na kupiga miguu. Mwenyekiti akaja ameinama. "Mzee, tafadhali."

Baba akainuka, nami nikapanda naye ngazi ili nimtafsirie. Mzee wa Kiingereza akatupokea vizuri. Akatuonyesha amplifaya yake, na kweli swichi zilikuwapo, nzuri, zenye namba. Baba akaiweka mikono yake juu yake, akafurahi, niliona alivyofurahi. Akazungusha kidogo, akasimama kwenye kidirisha cha kioo, akasikiliza. Akazungusha tena. Chini wakapiga miguu zaidi. Akazungusha kwa upande wa pili, na kelele ikazidi. Jasho likamtoka katika baridi ile.

Akanitazama. "Maneno yanasikika?"

"Hayasikiki, baba."

"Nipandishe wapi?"

Sikujua. Kujua kwamba kitu ni kibaya na kujua kimekosa nini ni mambo mawili mbali, na mimi masikio yangu ni ya kawaida. Baba akarudi kwenye kioo, akaacha kusikiliza, akaanza kutafuta kwa macho. Alikuwa akimtafuta mama. Taa za ukumbini zilikuwa zimewashwa sasa kwa sababu ya fujo, na tulimwona waziwazi. Watu wote walikuwa wamegeuka kutazama juu kwetu. Mama peke yake alikuwa ametazama mbele, mikono ameikunja juu ya mkoba. Hakuinua hata kidole.

"Mwambie asimamishe," baba akaniambia.

Mzee wa Kiingereza akasimamisha mashine. Baba akashuka ngazi polepole, mimi nyuma yake, shada bado liko shingoni. Akapita katikati ya ukumbi mpaka safu yetu, akasimama mbele ya mama. Watu wakaacha kupiga miguu, wengine kwa udadisi, wengine kwa heshima.

"Mama watoto," akasema. "Kuna nini?"

"Nani anauliza?"

Nilidhani ataleta mzaha wake wa bisibisi, na kama angeuleta, naamini mama angenyanyuka akaenda zake stesheni, na wasingezungumza tena mpaka wafe. Walikuwa watu wa namna hiyo.

"Anauliza asiyesikia," baba akasema. Kisha akawageukia watu, na akasema kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa kama wasiosikia wasemavyo. "Masikio yangu yalikufa zamani, mle chumbani, pembeni ya mashine. Nasikia ngoma, maneno siyapati nisipomtazama mtu mdomoni. Sauti mliyokuwa mkiisifia Unguja, mimi sikupata kuisikia. Aliyeijua ni huyu. Aliyesema maneno na ngoma ni vitu mbali mbali ni huyu. Mimi nilikuwa nimefungwa kamba mkononi, nikivutwa nazungusha."

Sikuwa nikijua kuhusu masikio yake. Nilidhani ni mtu mwenye mawazo mengi. Nilimtazama mama, na nikaona kwamba yeye alijua siku nyingi, na katika ugomvi wao wote, ingawa alikuwa na ulimi, hakupata kumtupia hilo. Roho iliniuma kwa ajili yao, nikawaona wote wawili kwa namna nyingine.

Kutoka nyuma mwanamke mmoja mzee, Mwarabu wa Malindi ya Unguja, akapiga kigelegele. "Kamba naikumbuka!" akasema. "Nilijikwaa nayo!" Watu wakacheka, na kicheko kile hakikuniudhi.

Baba akalivua lile shada, akataka kumvisha mama. Mama akaisukuma mikono yake.

"Usinipake maji ya maua kwenye koti," akasema. Lakini sauti yake haikuwa sawa. "Makoti," akaongeza.

"Makoti?"

"Hamuoni? Mnashangaa nini? Ukumbi mzima umevaa makoti ya sufu. Kama mabuibui, ila mazito mara tatu. Yule Mzungu jioni ana watu kumi humu, wamevua kwa sababu ya joto. Amepima kwa watu wake. Nendeni. Shusha ngoma, shusha sana, usiogope. Kisha maneno nitakwambia."

Nikapanda mimi, nikamweleza mzee wa Kiingereza. Akatazama chini kupitia kioo, akayatazama makoti safu kwa safu, akasema, "Well, of course," yaani bila shaka, akacheka mwenyewe. Akaiwasha mashine, akashusha ngoma. Mama alikuwa amesimama sasa kwenye njia ya kati, mtu mfupi aliyevaa koti la kijani, mkono juu. Kila alipouinua zaidi, mimi nikamwambia mzee, naye akazungusha. Baba alisimama kando yake akimtazama mkono. Uliposhuka, maneno yalikuwa yamefika, kila herufi mahali pake, mpaka pumzi ya mwigizaji baina ya sentensi na sentensi. Ukumbi mzima ukasema "Aaa" kwa pamoja.

Nilipomshukuru mzee na kurudi kwenye kiti changu, taa zilikuwa zimezimwa na filamu imeanzishwa upya. Shada lilikuwa kwenye mapaja ya mama. Alikuwa ameinama mbele kidogo, mdomo wazi. Akaninong'oneza kwamba hajui filamu zinavyokwisha. Maonyesho yote yale ya Unguja alikuwa kazini. Alisikiliza sauti na hadithi ikampita. "Huyu ni mume wake au ni kaka yake?" akaniuliza. Nikamwambia ni mume.

Baba naye akamgusa mkono. "Wamesema nini?"

Mama akamwambia, mdomo sikioni. Akauliza tena, akaambiwa tena, kwa Kiswahili, na maoni ya mama juu yake, kwamba huyu mama mkwe ni mchawi na huyu bwana hana akili. Kwa kuwa baba hasikii, kunong'ona hakukufaa, na muda si muda walikuwa wanazungumza kama wako jikoni. Baba akacheka kwa nguvu mahali ambapo wengine walikuwa wanalia.

Mtu wa safu ya nyuma akavumilia, akavumilia, kisha akainama kati yao. "Jamani, tunaomba kimya. Hatusikii filamu."

Mama akageuka na mwili mzima.

"Kimya cha nini?" akasema. "Sauti unayoisikia hapa ni yangu."